Bitana ya Jicho

Nyamugari, Gitega
24 Agosti 2025

Sha Audax, we Mtanzania wa kurudishwa,

Shika hii karatasi na mikono mbili, imetoka kwa mji mkuu. Nimefika salama. Husni dereva alinipandisha juu ya magunia ya maharage ya kwenu, na kwa kila bario ya njiani polisi aliuliza, "Huyu nani?" Nikamujibu mwenyewe, "Mi njo mkubwa wa mzigo." Bakacheka, bakatuacha tupite. Bila mi, Husni angelala njiani.

Uwaambie bale batoto ba Giteranyi wanaosema Twaha hajui kufunga mzigo kwa baiskeli: mi najua kuliko baba zao. Ile ndowano ya mpira wa kufungia ilikuwa na kutu. Ilichomoka, mpira wa tairi ukarudi kwa jicho yangu ya kushoto kama fimbo ya mchunga ng'ombe. Hata gavana angepigwa. Na sasa imepona. Wekundu imekwisha, naona, nakula, natisha.

Tena nimepata kitu we hauna. Sinema! Nikigeuza ile jicho haraka, inapiga umeme pembeni, fya, fya, mchana kweupe. Na kuna inzi weusi wanaogelea hewani. Nikitaka kuwashika wanakimbia. Batu ba hapa wanalipa kuona sinema, mi nabeba yangu kwa kichwa.

Sasa sikia. Hii ni yetu wawili. Baba Mahmudu akijua, ataniondoa kwa goli, na mechi na batoto ba Magarama inakuja. Timu bila mi ni nyumba bila mlango. Njo maana nakuandikia. Simu ya baba haifai, anasoma meseji zote kwa sauti mbele ya wateja, huku anapima mtu kiuno. Bibi Riziki tu ameanza kuuliza juu ya nini nainamisha kichwa kama kuku anasikiliza mwewe. Nikamwambia ni mtindo wa mjini.

Apa kwa ng'ombe ya baba yako kwamba hautasema.

Mi, Twaha, kipa namba moja wa Nyamugari


Giteranyi, Muyinga
31 Agosti 2025

Ndugu yangu Twaha,

Husni amenipa barua yako, imejaa vumbi la unga na majigambo. Mama Theodosia anakusalimu. Anauliza jicho linaendeleaje. Nimemwambia unasema limepona, na huo si uongo, maana kweli unasema hivyo.

Nimeapa. Lakini kumbuka tuna ng'ombe mmoja tu, tuliyepewa tuliporudi kutoka Tanzania, na baba anampenda kuliko mimi. Usinitie mashakani.

Sasa nieleze vizuri hiyo sinema, maana nimeiwaza hata darasani. Umeme unapiga upande gani? Ukifumba macho upo? Hao inzi, wana umbo la inzi kweli, au ni kama masizi? Mimi nimejaribu huku. Nimeziba jicho la kulia nikatazama vilima vya ng'ambo ya mpaka kwa la kushoto. Nikabadilisha. Nimegeuza macho mpaka kichwa kikauma. Sikuona umeme wowote. Kwa nini wewe uone na mimi nisione? Tuna macho ya aina moja.

Fanya hivyo hivyo: ziba moja, halafu lingine, uniandikie kila unachokiona. Wewe unajigamba kwamba hujui kuogopa, basi usiogope kujipima.

Mechi ilikwendaje?

Audax


Nyamugari
7 Septemba 2025

Sha,

Mechi, tuiache. Bon, sababu umeuliza. Magarama walitufunga nne. Lakini zote, sikia vizuri, zote zilipita mkono wa kushoto, na kule upepo ni mbaya sana, balo inatokea tu kwa nyavu bila kupita njiani. Batoto wamesema nilikuwa nimelala. Mi? Niliruka kama chui kila mara. Niliruka tu nyuma kidogo, balo ikiwa imekwisha pita.

Tena baba amenigombeza kwa duka. We unajua vile mi natia uzi kwa sindano, tangu nimeacha shule hakuna fundi kwa soko ya Gitega ananishinda. Juma hii uzi inapita pembeni ya sindano. Baba ananunua sindano ya bei rahisi, njo shida.

Alor, nimefanya ile kujipima. Nilifunga jicho ya kushoto: naona yote, Bibi anachambua mchele, paka, mlango, kalenda ya msikiti. Nikafunga ya kulia. Bibi iko. Mchele iko. Paka hapana. Paka alikuwa upande wa kushoto. Nikageuza kichwa, paka iko! Nikarudisha kichwa, paka hapana! Nimecheza na huyo paka mpaka Bibi akaniuliza kama nimeingiwa na shetani.

Ni kama mtu ameshusha kanga nyeusi kwa kona ya dirisha. Juma lililopita ilikuwa kona ndogo. Sasa kanga imekuja karibu na pua ya Bibi. Nyuma yake hakuna hata giza, Audax. Hakuna kitu. Umeme sasa imepungua, kwa hiyo naona inapona.

Inafurahisha sana. Usiwe na wivu.

Twaha mwenye kanga


Giteranyi
14 Septemba 2025, alfajiri

Twaha,

Nina haraka, kwa hiyo usitafute mzaha humu.

Jana nilikwenda kituo cha afya nikamuuliza nesi Jovina, nikasema ni swali la shule. Nikamweleza umeme, inzi, halafu kanga inayoshuka. Alikuwa anakunja bandeji, akaacha. Akauliza, "Huyo mtu wa swali lako alipigwa jichoni?" Akasema ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna ngozi nyembamba inayopokea picha. Ikichanika, maji hupenya chini yake ikaanza kubanduka. Umeme ni pale inapovutwa. Kanga ni pale iliyokwisha kubanduka. Umeme ukipungua si kupona. Kanga ikifika katikati, mtu anaweza asione tena kwa jicho hilo maisha yake yote. Dawa ya matone haipo. Ni kupasuliwa, na mapema.

Akaniambia, "Mwambie mtu wa swali aende leo."

Kwa hiyo ni hivi. Namba ya baba yako anayo Husni peke yake. Husni amekwama Muyinga mjini kwenye foleni ya petroli, gari halijasogea. Naondoka sasa hivi kwa baiskeli kumtafuta, na nikimpata nitampigia baba yako simu, nitamwambia yote: umeme, paka, mabao manne. Barua hii nitaiacha hapo hapo, ikufikie itakapofika.

Niliapa kwa ng'ombe. Ng'ombe ni mmoja. Acha aende.

Audax


Opitali, Gitega
21 Septemba 2025

Audax, gunia lililotoboka!

Baba alipokea simu yako mbele ya wateja. Na kama kawaida yake, aliiweka kwa sauti kubwa. Soko yote ilisikia: "Twaha haoni paka." Tulipopita kuja hapa walinililia nyau. Hiyo ng'ombe yenu ife, na ikifa msinipe nyama.

Baba hakunipiga. Ningependa anipige. Alifunga duka mchana, kitu sijaona tangu nizaliwe, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaja hapa. Barua yako imenikuta kitandani.

Bon. Hasira nimeimaliza, nikuambie mambo, sababu hapa kuna mambo!

Iko daktari wa macho anaitwa Raissa, amekuja na wenzake na mashine zao, wanapasua kwa siku chache halafu wanaenda. Mwanamke mfupi, anaongea polepole. Aliniwekea taa kali, akatazama ndani ya jicho mpaka nikahisi anasoma dhambi zangu. Nikamuuliza, "Dokta, unaona nini?" Akauliza kwanza baba anafanya kazi gani. Baba akajibu, fundi wa nguo. Akasema, "Basi mtanielewa. Koti ina kitambaa cha nje na ndani ina bitana. Bitana ya jicho lake imechanika, imeachana na koti. Imeachana mpaka hapa." Akaonyesha kwa kidole. "Katikati bado imeshika. Kwa uzi mmoja."

Baba akakaa chini. Mi nikauliza, "Sasa utaishona na sindano gani?" Akacheka. Hakuna kushona! Anatoboa vitundu vidogo kuliko tundu ya kifungo, anatoa ute wa ndani, ananyoosha bitana kama mtu anapiga pasi, halafu anaishikiza na taa inayochoma. Mwisho anaweka pumzi. Gesi, sha! Mapovu ya gesi ndani ya jicho, inasukuma bitana ikae mpaka ishike.

Lakini gesi inataka kupanda juu. Bitana iko nyuma ya jicho. Kwa hiyo mgonjwa lazima alale kifudifudi juma nzima, uso chini, kula, kuongea, kusinzia, yote chini. Dokta akasema watoto hawawezi, kwa watoto anaweka mafuta, na mafuta ni kupasuliwa tena kuyatoa, na wao hawajui watarudi hapa lini. Tena alisema makovu ya watoto yana haraka, yanaweza kuivuta bitana tena.

Nikamwambia, "Dokta, mi naweza kulala uso chini kuliko mkeka." Akanitazama sana. Akauliza baba, "Huyu anajisifu au anasema kweli?" Baba, Mungu amubariki, akajibu, "Dokta, mara nyingi ni vyote viwili."

Kwa hiyo ni gesi. Ni kesho. Kama nikigeuka, ni mi mwenyewe nimejiulia jicho.

Alinikataza pia kupanda ndege, eti gesi inavimba huko juu. Nikamwambia nitajikaza.

Twaha


Giteranyi
25 Septemba 2025

Twaha,

Ng'ombe hajafa. Anakohoa kidogo lakini anakula. Nakwenda kumtazama kila asubuhi, naye ananitazama kana kwamba anajua.

Hatujapata habari. Husni amepata petroli ya kufika Gitega tu, kwa hiyo nampa hii. Mama amewasha mshumaa kwa ajili yako kanisani. Nilimwambia wewe ni Mwislamu, akasema jicho halina dini.

Mimi nimejaribu kulala kifudifudi ili nijue ulivyo. Nilishindwa kabla ya ugali kuiva. Shingo iliuma, mate yalinitoka, na mdogo wangu akanikalia mgongoni. Unaandikaje? Unaswalije? Hiyo gesi wanaitoa wapi, na ikiisha inakwenda wapi? Unaiona?

Niandikie hata mstari mmoja. Hata tusi.

Audax


Nyamugari
27 Septemba 2025

Audax,

Tusi iko, subiri kidogo.

Niko juu ya benchi ya duka ya baba. Ametoa ubao moja, uso yangu imepita kwa nafasi, na karatasi iko chini kwa sakafu, mkono inaning'inia na kalamu ya bic. Naandika kama mtu anavua samaki. Natumia jicho ya kulia. Ile ingine ina kifuniko.

Nilipasuliwa. Sikusikia kitu, walinipa usingizi wa dawa, nilihesabu mpaka nne nikapotea. Dokta Raissa alisema bitana imekaa vizuri, kazi yake imekwisha, sasa ni kazi yangu. Nikarudi nyumbani chali hapana, ubavu hapana, uso chini kama aliyeangusha shilingi.

Sasa Bibi. Bibi Riziki hakuja opitali, miguu yake inavimba. Baba alimwambia tu, "Mama, mtoto alale kifudifudi." Bibi akajibu, "Ndiyo." Ndiyo ya Bibi si ndiyo! Tangu nikiwa mdogo alinifundisha mtoto wa Kiislamu analala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, na kifudifudi ni lala ya watu wa motoni. Alinigeuza hivyo miaka yote nikiwa sijui. Baada ya swala ya alfajiri anapita kwa kila mjukuu, anasema bismillahi, anageuza. Mikono yake imezoea kuliko kichwa.

Siku ya pili niliamka naona dari.

Audax, niliona dari. Bibi alikuwa amekaa pembeni, anafurahi, anasema, "Sasa umelala kama mtu." Nilijirusha tumbo chini nikapiga kidevu kwa sakafu. Nikalia, uandike hiyo, nakupa ruhusa. Baba alikuja, akaanza kumpandishia mama yake sauti, Bibi naye akapandisha, "Nyinyi na madaktari wenu mnamlaza mtoto wangu kama jahanamu imeshamkubali!" Majirani kwa dirisha.

Nikasema kutoka chini, "Bibi. Mi sijalala."

Akauliza, "Unafanya nini basi?"

"Niko nasujudu. Paji la uso iko chini. Ni sijida tu, lakini ndefu."

Bibi alifikiri kama mtu anaonja mchuzi. Halafu akasema, "Sijida haikatizwi." Akaenda kuleta mwiko wa ugali, akakaa kwa kigoda kando yangu. Tangu siku hiyo nikisinzia na kichwa ikitaka kugeuka, napigwa kwa kisigino. Baba mwenyewe alitaka kuniamsha ninywe uji, akapigwa.

Lakini sijui nililala chali muda gani. Dokta alikuja kabla hawajaondoka, alitazama, alisema leo imeshika, kesho hajui, tungoje. Daktari wa hapa ndiye atanipima. Sikumuuliza zaidi. We unajua mi napenda kuuliza. Hiyo sikuuliza.

Tusi yako: we ni mpuuzi, na kama haungepiga simu, kanga ingefika katikati. Sitasema hii mara ya pili.

Twaha wa chini


Giteranyi
12 Oktoba 2025

Twaha wa chini (au sasa wa juu?),

Nimemsomea mama habari ya Bibi, akacheka akashikilia ukuta, halafu akalia, halafu akataka kujua ni mwiko wa ukubwa gani.

Husni amenisimulia kwamba kifuniko kimetoka, na kwamba unasema unaona "maji meusi chini, yanatikisika ukitembea." Hili limenikosesha raha. Gesi hupanda juu. Wewe mwenyewe uliandika. Basi kwa nini unaiona chini?

Nikamwuliza mwalimu wa sayansi. Akasema hilo halimo katika mtihani. Basi nikachukua boksi la sabuni, nikatoboa tundu la sindano upande mmoja, upande wa pili nikabandika karatasi iliyopakwa mafuta ya kula. Nikajifunika blanketi nikalielekeza kwa ng'ombe aliyekuwa juani. Twaha! Ng'ombe alionekana kwenye karatasi, miguu juu, mgongo chini, anatafuna! Nilipiga kelele, mama akadhani ng'ombe ameanguka kweli.

Kwa hiyo jicho lako ni boksi. Picha zinaingia miguu juu, na kichwa chako ndicho kinachozigeuza. Gesi iko juu, kichwa kinaigeuza pia, unaiona chini. Ina maana gesi ikipungua, hayo maji yako yatashuka, yatashuka, mpaka yawe kijiduara kidogo sakafuni, yaishe. Nimesema kabla hujaona. Niambie kama nimekosea.

Na ukiona kitu juu ya maji, niambie ni nini. Chochote. Usijisifu. Niambie tu.

Audax


Nyamugari
16 Novemba 2025

Audax mchawi,

Usishangae hii barua iko kubwa kama mgongo wa shati. Ni karatasi ya baba ya kukatia suruali, na naandika na chaki ya fundi, herufi moja kama kiganja. Juu ya nini? Utaona. Usirukie mwisho.

Ulisema kweli, na inaniuma. Maji ilishuka. Kwanza niliona kamba ya dari juu ya maji. Halafu kilemba ya baba. Halafu paji la Bibi, halafu macho yake, kila juma Bibi anatoka majini kidogo kama kiboko wa mto Ruvubu. Halafu maji ikabaki povu moja chini, ikazunguka nikizunguka, ikapasuka tatu, na jana asubuhi nimeamka hakuna. Nimeitafuta kwa huzuni. Ilikuwa rafiki.

Daktari wa opitali amenipima. Amesema bitana imeshika. Amesema pia jicho hii haitakuwa kama ile ya mwaka jana. Mistari inapinda kidogo, mlango una tumbo, na kwa ukingo wa kushoto imebaki kona haitarudi. Kila mwezi lazima anitazame, sababu ya yale makovu ya haraka. Kwa sindano natumia ya kulia. Balo ya kweli amenikataza kwanza. Timu imepata kipa mwingine, mtoto wa muuza chumvi, anaruka kama gunia. Nimemwonyesha vile anaweka miguu. Ameshukuru. Bon.

Sasa sikia ya leo. Bibi alinishonea balo ya vitambaa, laini kama mto, kutoka vipande vya duka. Akaniweka uani katikati ya ndoo mbili. Akafungia jicho yangu ya kulia, ile nzima, na kanga yake, akaifunga mpaka masikio yakauma. Nilibaki na ile ya bitana peke yake. Halafu akaenda kusimama upande wa kushoto, pale paka alikuwa anapotea. Bibi Riziki, na miguu yake ya kuvimba, akainua gauni kidogo, akasema bismillahi, akapiga.

Balo ilitoka kwa mguu yake. Niliiona imetoka. Ilikuja na tumbo, imepinda, nyekundu upande, kijani upande, ikadunda karibu na jiwe la kufulia, ikadunda tena. Niliiangalia tu, sha. Sikuruka. Mi, kipa namba moja, nilisimama kama nguzo ya stima nikiitazama inavyokuja, mpaka ikapita kando ya goti yangu ikaingia.

Bibi akapiga vigelegele majirani wakatoka. Anasema kwa mtaa mzima amenifunga goli, na ni kweli, na mi nilipiga vigelegele kuliko yeye.

Ile kanga iko bado kwa jicho yangu ya kulia, hii yote naandika na ile ya bitana.

Twaha